Kusema "nilikuwaga nafanya" kwa Kituruki: mwongozo kamili wa -rdı, -yordu na -rmış

Watu wetu wengi wanaojifunza Kituruki, iwe wale waliopata skolashipu wako kwenye mwaka wa lugha au wale wanaojifunzia kwenye simu kwa sababu ya tamthilia, wakifika kwenye wakati uliopita wanaishika -dı, kiambishi cha "nili-", wanaibandika kila mahali. Gittim, yedim, gördüm (nilienda, nilikula, niliona), maisha yanaenda. Kwa mambo ya jana na juzi iko sawa kabisa. Shida inaanza siku unapotaka kusimulia utoto wako, jinsi mlivyokuwa mnaenda kwa bibi kila likizo, mnavua samaki, mnalala saa nne usiku, ukisema yote kwa -dı Mturuki atakuelewa lakini simulizi yako itasikika kama ripoti ya polisi, tukio limetokea limeisha, lingine limetokea limeisha. Ile hali ya "ndo yalikuwa maisha yetu" inakuwa haipo.

Na kinachotuchanganya sisi ni Kiswahili chenyewe. Sentensi yetu "nilikuwa nasoma" inabeba mambo mawili: nilikuwa katikati ya kusoma muda ule (umeme ukakatika), au nilikuwa na kawaida ya kusoma (kila usiku nikiwa sekondari). Sisi tunamwachia msikilizaji aelewe mwenyewe kutokana na maneno mengine. Kituruki hakikuachii, lazima uchague, okuyordum (ile ya katikati ya kusoma) au okurdum (ile ya kawaida yako).

Habari njema ni kwamba Kiswahili cha mtaani kina kipimo kizuri sana cha kukusaidia kuchagua, nacho ni ile -ga. "Nilikuwaga nasoma usiku" inakubali. "Nilikuwaga nasoma, ghafla umeme ukakatika" haikai, masikio yanakataa. Basi shika hivo: sentensi yako ikikubali -ga bila kulazimishwa, mara nyingi unachotafuta ni -rdı, ile ya okurdum. Mwalimu wa Kiswahili shuleni hataki kuisikia hiyo -ga, ila hapa inatusaidia, tuitumie.

Hatua ya kwanza: jenga geniş zaman kwanza

Huwezi kupata yapardım (nilikuwaga nafanya) kama hujui yapar (hufanya). Hiyo yapar ndo geniş zaman, wakati wa mazoea na mambo ya siku zote, iko karibu sana na hu- yetu ya "huenda, hula, husema". Ukishaipata hiyo kazi kubwa imeisha.

Kitenzi kikiishia na irabu unaongeza r tu: oku-r, oyna-r, dinle-r, bekle-r, yürü-r, ye-r. Kikiwa na silabi mbili au zaidi na kinaishia na konsonanti unaongeza -ır, -ir, -ur au -ür kufuatana na irabu ya mwisho: çalış-ır, öğren-ir, otur-ur, düşün-ür. Kikiwa cha silabi moja kinachoishia na konsonanti unaongeza -ar au -er: yap-ar, bak-ar, koş-ar, iç-er, yüz-er, sev-er.

Sasa kuna vitenzi 13 vya silabi moja vinavyokataa -ar/-er, vinataka -ır/-ir/-ur/-ür, na bahati mbaya ndo vile vinavyotumika kila saa: al, bil, bul, dur, gel, gör, kal, ol, öl, san, var, ver, vur. Yaani alır, bilir, bulur, durur, gelir, görür, kalır, olur, ölür, sanır, varır, verir, vurur. Vyote vinaishia na l, r au n, hiyo itakusaidia kuvikumbuka, ila usigeuze sheria kichwa chini kwa sababu kuna vya l, r na n vinavyokwenda kawaida tu, mfano sor-ar, gir-er, çal-ar, dön-er, bin-er. Hapa hakuna njia ya mkato, kariri hao 13, waandike kwenye karatasi ubandike ukutani.

Na gitmek na etmek t yake inalainika inakuwa d: gider, eder. Kwa hiyo kila kitenzi chenye etmek ndani yake kinafuata, yardım eder, seyreder. Lakini anlatmak inabaki na t yake, anlatır.

Hatua ya pili: ongeza -dı na mtu

Chukua yapar, weka -dı, halafu kiishio cha mtu:

ben yapardım
sen yapardın
o yapardı
biz yapardık
siz yapardınız
onlar yaparlardı

Angalia huyo wa mwisho. Kwenye -dı ya kawaida tunasema yaptılar, -lar inakaa mwisho, lakini hapa -lar inapenda kukaa katikati, yaparlardı. Ukisema yapardılar hautachapwa, ila yaparlardı ndo utakayoisikia na kuisoma zaidi.

Irabu ya -dı inafuata irabu ya mwisho kabla yake, na hapa watu wanateleza kwa sababu wanaangalia mzizi badala ya kuangalia kiambishi. Koşmak ina o, lakini ukishasema koşar irabu ya mwisho ni a, kwa hiyo koşardı, sio koşardu. Yüzmek inakuwa yüzer halafu yüzerdi. Lakini okur inatoa okurdu, görür inatoa görürdü, gelir inatoa gelirdi. Na kitu kimoja cha kukupumzisha, ile kugeuka d kuwa t uliyoizoea kwenye yaptı, gitti, içti, hapa haipo kabisa, kwa sababu kabla ya -dı siku zote kuna r au z (au -lar), na hizo hazigeuzi d.

Waturuki kwenye vitabu vyao vya sarufi wanaiita hii geniş zamanın hikâyesi. Hikâye ni ndugu wa damu wa hekaya yetu, zote zimetoka Kiarabu, na ni jina zuri la kukumbukia, kwa sababu kazi ya hii -rdı ndo hiyo, kuhadithia mambo uliyoyaishi mwenyewe.

Hatua ya tatu: kukanusha na kuuliza

Kukanusha ni rahisi kuliko wakati uliopo, kweli tena. Kwenye geniş zaman ya sasa unateseka na yapmam, yapmazsın, yapmayız, kila mtu na lake. Kwenye iliyopita wote wanatumia -maz/-mez tu: yapmazdım, yapmazdın, yapmazdı, yapmazdık, yapmazdınız, yapmazlardı. Wale 13 wakorofi nao wananyooka hapa, gelmezdim, görmezdim, bilmezdim.

Eskiden kahve içmezdim, şimdi her sabah içiyorum. Zamani nilikuwa sinywi kahawa, siku hizi nakunywa kila asubuhi.

Swali linakata neno katikati: yapar mıydın? gider miydiniz? okur muydu? yaparlar mıydı? Hiyo y imetoka wapi, ni kwamba -dı hii asili yake ni neno idi lililojitegemea, na hadi leo kwenye maandishi ya kizamani unaweza kukuta "yapar idi", sasa idi ikibandikwa baada ya irabu inaacha y. Ndo y ileile ya öğrenciydim (nilikuwa mwanafunzi).

Mtu akikuuliza "Küçükken top oynar mıydın?" (utotoni ulikuwaga unacheza mpira?) usijibu evet (ndiyo) peke yake ukanyamaza, rudisha kitenzi: "Oynardım" (nilikuwaga nacheza) au "Pek oynamazdım" (nilikuwa sichezi sana). Mazungumzo ya Kituruki yanapenda kitenzi kirudi.

Hatua ya nne: kuchagua kati ya -rdı, -yordu na -dı

Hapa ndo kwenye nyama, soma taratibu.

-yordu ni ya jambo lililokuwa linaendelea muda fulani. Dün gece ders çalışıyordum, elektrik kesildi. Jana usiku nilikuwa nasoma, umeme ukakatika. Hapo ukiweka çalışırdım sentensi inavunjika.

-rdı ni ya jambo lililojirudiarudia bila kutaja mwanzo wala mwisho wake. Lisedeyken geceleri ders çalışırdım. Nikiwa sekondari nilikuwaga nasoma usiku.

Halafu kuna eneo la kijivu ambalo wengi hawaambiwi wanabaki kushangaa. -yordu nayo inaweza kusema mazoea, hasa ukiwa unaongelea kipindi fulani kinachojulikana na hali iliyokuwepo wakati ule. O sene Konya'da yurtta kalıyordum, okula tramvayla gidiyordum. Mwaka ule nilikuwa nakaa hosteli Konya, chuo nilikuwa naenda kwa tramu. Ni mazoea hayo, kila siku tramu, lakini msemaji anaeleza maisha yalivyokuwa yamepangika kipindi kile. Ukisema giderdim kwenye sentensi hiyo sio kosa, ila rangi inabadilika, inakuwa kumbukumbu, mtu anayeitazama kwa mbali, mara nyingi na hamu kidogo. Kuhusu makazi hasa, "Eskiden İzmir'de oturuyordum" (zamani nilikuwa nakaa İzmir) inakaa vizuri kuliko otururdum. Ushauri wangu: kwa makazi, kazi na masomo ya kipindi fulani tumia -yordu, kwa vitu mlivyokuwa mkivifanya tena na tena tumia -rdı, utakuwa salama karibu siku zote.

Na -dı? -dı inarudi pale unapohesabu au unapofunga muda. Geçen ay dört kere hastaneye gittim, mwezi uliopita nilienda hospitali mara nne. Üç sene aynı evde oturduk, tulikaa nyumba moja miaka mitatu. Ukishataja "mara nne" au "miaka mitatu" kwa jumla, jambo limefungwa, sio mazoea tena bali idadi, kwa hiyo "geçen ay dört kere giderdim" inamkwaza Mturuki palepale. Rudi kwenye kipimo cha -ga uone, "mwezi uliopita nilikuwaga naenda mara nne" nayo kwetu haikai. Ila idadi ikiwa ni sehemu ya mazoea yenyewe inaruhusiwa: haftada iki kere giderdim, nilikuwaga naenda mara mbili kwa wiki.

Usisahau pia kwamba hali, tofauti na tendo, haihitaji -rdı. Zamani hapa palikuwa na sinema: Eskiden burada sinema vardı. Baba alikuwa dereva: Babam şofördü. Olurdu inakuja pale kitu kilipokuwa kinatokea kila mara, bayramlarda evde hep tatlı olurdu, sikukuu nyumbani kulikuwaga na vitu vitamu siku zote.

Hatua ya tano: mtego wa "nilizoea"

Huu mtego ni wa kwetu sisi tunaoongea Kiswahili. Tunasema "nilizoea kwenda sokoni kila Jumamosi" tukimaanisha ilikuwa kawaida yangu. Mtu anafungua kamusi anakuta kuzoea ni alışmak, anaandika "her cumartesi pazara gitmeye alıştım". Kinachosikika hapo ni kwamba mwanzoni ilikuwa ngumu, sasa nimeshazoea. Ulichotaka kusema ni Her cumartesi pazara giderdim, basi, alışmak haina kazi hapo.

Ukitaka kweli kusema mwili au akili ilikuwa imeshazoea, kuna alışkındım, na kinachozoewa kinachukua -e/-a: erken kalkmaya alışkındım, nilikuwa nimezoea kuamka mapema. Na ukitaka kuitaja tabia yenyewe kuna geç yatma alışkanlığım vardı, nilikuwa na tabia ya kuchelewa kulala.

Hatua ya sita: maneno yanayoibeba

-rdı haipendi kutembea peke yake, inataka neno la kuonesha tuko enzi gani. Eskiden (zamani), o zamanlar (enzi zile), çocukken au küçükken (utotoni), öğrenciyken (nikiwa mwanafunzi). Hiyo -ken haibadiliki irabu hata siku moja, ni -ken tu hata baada ya o na u. Halafu kuna sabahları, akşamları, yazları, hafta sonları, yaani asubuhi kwa asubuhi, jioni kwa jioni, kila kiangazi, wikendi kwa wikendi. Hizi ukizitumia Kituruki chako kinapanda daraja bila jasho.

Na kuna vile vya "ikitokea hivi, inakuwa vile", ambavyo Kiswahili kinavifanya kwa -ki-. Babam eve gelince hepimiz susardık, baba akifika nyumbani wote tulikuwa tunanyamaza. Ninayoipenda mimi ni hii ya -dı mı, ambayo ukiiona unadhani ni swali kumbe sio: Yağmur yağdı mı elektrik kesilirdi. Mvua ikinyesha tu, umeme ulikuwa unakatika. Iseme hiyo mbele ya Waturuki uone nyuso zao.

Kwa mtu aliyekuwa haachi jambo kuna -ip durmak: sorup dururdu, alikuwa haishi kuuliza.

Hatua ya saba: mazoea ambayo hukuyaona wewe

Hii ndo inayotenganisha mwanafunzi wa kawaida na mtu anayekijua Kituruki. Ukisema Dedem balıkçılık yapardı, unadai uliishi ukamwona babu akivua. Kama babu aliacha uvuvi kabla hujazaliwa, ukasikia tu kwa mama, lazima useme yaparmış. Vitabuni inaitwa geniş zamanın rivayeti, na rivayet ndo riwaya yetu, habari iliyopokelewa kutoka kwa mwingine. Hekaya yako, riwaya ya watu, hivo hutasahau.

Umbo ni lilelile, unaweka -mış badala ya -dı: gidermiş, okurmuş, görürmüş, yapmazmış, yapar mıymış?

Na inafanya kazi mpaka kwako mwenyewe. Küçükken çok ağlarmışım, eti nilipokuwa mdogo nilikuwa nalia sana. Mambo ya uchanga hukumbuki, umeambiwa, kwa hiyo ağlardım ingekuwa ajabu kidogo. Ngano zao nazo zinaanza kwa -mış, bir varmış bir yokmuş, kwa sababu hakuna aliyekuwepo kushuhudia.

Hatua ya nane: gelirdim mbili tofauti

Gelirdim ni "nilikuwaga nakuja" na pia ni "ningekuja". Kwetu -nge- na "nilikuwa na-" hazikutani popote, ndo maana hii inashtua. Utazitofautisha kwa jirani yake. Ukiona -sa/-se au -saydı/-seydi karibu, ni -nge-: Param olsaydı alırdım, ningekuwa na hela ningenunua. Ukiona eskiden, çocukken, her yaz, ni mazoea. Na ukikaa mgahawani mhudumu akakuuliza "Ne alırdınız?" haulizi historia yako, anauliza kwa adabu ungependa nini.

Hatua ya tisa: mazoea yaliyokwisha

-rdı yenyewe inadokeza kwamba mambo hayako hivo tena, ila ukitaka kulipigilia weka artık (siku hizi, tena) na kitenzi cha sasa kilichokanushwa: Eskiden her gün konuşurduk, artık konuşmuyoruz, zamani tulikuwaga tunaongea kila siku, siku hizi hatuongei tena. Kuna na -maz oldu, ya kitu kilichokuwepo kikapotea: Beni aramaz oldu, amekuwa hanipigii tena. Hii ina uchungu ndani yake, itumie pale panapostahili.

Sasa tuyaweke pamoja

Soma kipande hiki kwa sauti:

Küçükken yazları dedemlerde kalırdık. Dedem erkenden kalkar, çayı koyar, bahçeye çıkardı. Biz uyanınca kahvaltı hazır olurdu. Akşamları komşular gelir, geç saatlere kadar otururlardı. Ben pek konuşmaz, hep dinlerdim. Dedem gençken balıkçılık yaparmış, fırtınada bile denize açılırmış. Bir yaz hastalandı, o sene gitmedik. Artık o evde kimse oturmuyor.

Utotoni kila kiangazi tulikuwa tunakaa kwa kina babu. Babu alikuwa akiamka mapema, akiweka chai jikoni, akitoka bustanini. Tukiamka tunakuta kifungua kinywa tayari. Jioni majirani walikuwa wanakuja, wanakaa mpaka usiku sana. Mimi nilikuwa siongei sana, nasikiliza tu. Eti babu ujanani alikuwa mvuvi, hata kwenye dhoruba alikuwa anaingia baharini. Kiangazi kimoja akaugua, mwaka ule hatukwenda. Siku hizi nyumba ile haikai mtu.

Tazama sentensi ya pili: kalkar, koyar, çıkardı. Vitenzi vitatu, -dı ni moja tu, ya mwisho, nayo inawahudumia wote. Sisi tunafanya hivohivo kwa upande wa pili, "alikuwa akiamka, akiweka, akitoka", alikuwa inatajwa mara moja mwanzoni, wao wanaitaja mara moja mwishoni. Hata mtu nae anasubiri mwisho, ndo maana konuşmaz haina -dım wakati dinlerdim inayo. Ukirundika kalkardı, koyardı, çıkardı sio kosa, ila ni nzito mdomoni. Tazama pia hastalandı na gitmedik, hapo mazoea yamekatwa na tukio la mara moja, kwa hiyo -dı imerudi. Na babu wa ujanani amepewa -rmış kwa sababu msimulizi hakuwepo.

Ukiwasikia mtaani, -yordu wanameza r yake, geliyodum, gidiyodum. Ya -rdı wanaitamka, usiimeze.

Jaribu hizi kabla ya kushuka chini kwenye majibu. Moja, bibi alikuwaga anatusimulia hadithi jioni. Mbili, nilikuwa napika, ukapiga simu. Tatu, eti babu alikuwa anatembea kwa miguu mpaka mjini. Nne, mwaka jana nilienda Mwanza mara tatu. Tano, tulikuwa hatuli nyama kila siku. Sita, ningejua nisingekuja.

Majibu:

Ninem akşamları bize masal anlatırdı.
Yemek yapıyordum, sen aradın.
Dedem şehre kadar yürürmüş.
Geçen sene üç kere Mwanza'ya gittim.
Her gün et yemezdik.
Bilseydim gelmezdim.

Hiyo ya sita itoe bilseydim, weka eskiden buraya mbele yake, Eskiden buraya gelmezdim, na papo hapo inageuka kuwa "zamani nilikuwa siji hapa", kitenzi hakijaguswa hata herufi moja.